Sado moja, uyoga wa aina tatu: kisa cha sumu ukingoni mwa pori la miombo

Majina ya watu na ya kijiji yameondolewa, na mambo madogo yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kisa ni cha mkoa wa Tabora, katikati ya msimu wa mvua. Nilihusika kama mtu wa misitu aliyeitwa zahanati kutazama mabaki ya chakula.

Mahali penyewe

Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Zikishakolea, wanawake na watoto huingia porini asubuhi na mapema, na kufikia saa nne barabarani pamejaa sado (ndoo ndogo za kupimia) na mabeseni ya uyoga. Kwa kaya nyingi hiyo ni mboga na ni ada ya shule kwa wakati mmoja, maana ghala limekwisha na mahindi ya shambani hayajakomaa.

Pori lenyewe ni miombo: mitundu na miuba kwa wingi, mikusu kwenye miinuko yenye changarawe, na vichuguu kila baada ya hatua kadhaa. Anayetaka kuelewa kisa hiki ajue kwanza kwamba uyoga wa hapo huishi kwa namna tatu tofauti.

Wa kwanza ni uyoga wa mti. Nyuzi zake huvika ncha za mizizi ya mtundu au muba. Kuvu, yaani kiumbe chenyewe cha nyuzi ambacho uyoga ni kama tunda lake, huupa mti maji na madini kama fosforasi, mti nao huilipa kuvu sukari. Uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus, Russula za rangi rangi na Amanita zinazoliwa porini zimo katika kundi hili. Ukifyeka miti hiyo, nao unatoweka.

Wa pili ni uyoga wa mchwa, jamii ya Termitomyces. Mchwa wa kichuguu hukusanya majani na vijiti, huvitafuna na kuvipanga chini ya ardhi kuwa kitu kilicho laini na chenye vishimo vishimo kama sifongo, na humo kuvu huota. Mchwa hula kazi ya kuvu, na mvua zikinyesha kuvu hupandisha uyoga hadi juu. Kwa hiyo uyoga huu hauhitaji mtundu wala muba, unamhitaji mchwa.

Wa tatu hauna mti wala mchwa. Unakula vilivyooza: samadi ya zamani, mizizi ya nyasi iliyokufa, taka za uwanjani.

Wenyeji hawayasemi haya kwa maneno ya darasani, lakini wanayajua. Mchumaji aliyekomaa ukimuuliza huu ni uyoga gani, naye atakuuliza kwanza umeutoa wapi.

Siku ya tukio

Mama mmoja wa mji mdogo wa barabarani alinunua sado moja ya uyoga mbichi. Mashina yalikuwa yamekatwa vizuri kwa kisu, hayana udongo, na sado ilijaa kofia kubwa safi. Alichagua sado hiyo kwa sababu mbili alizotueleza baadaye: ilikuwa safi, na kofia mbili tatu zilikuwa zimetobolewa na wadudu. Alikuwa amefundishwa kwamba uyoga ulioliwa na mdudu hauna sumu.

Jioni alipika kama robo tatu ya sado kwa karanga, wakala na ugali kwenye saa moja usiku. Mtoto mmoja alikataa mboga akala ugali kwa maziwa. Kijana mkubwa alichelewa kurudi, akachovya mchuzi tu.

Kabla ya saa tatu watoto wawili walianza kutapika. Wakafuata baba, mama na shangazi: matapishi, tumbo kunyonga, kisha kuharisha maji. Yule wa mchuzi aliumwa tumbo kidogo. Aliyekunywa maziwa hakuwa na neno. Saa nne na nusu familia nzima ilikuwa zahanati, wengine wamebebwa kwa bodaboda.

Maamuzi ya usiku ule

Swali la kwanza la tabibu halikuwa "uyoga gani?" bali "mmekula saa ngapi, na wa kwanza ametapika saa ngapi?" Hapo palikuwa na tofauti ya saa mbili hivi, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Sumu zinazochokoza tumbo na utumbo huanza mapema, mara nyingi ndani ya saa moja hadi tatu. Sumu zinazoua ini, zile za Amanita za kundi la phalloides, huchelewa: matapishi huanza baada ya saa sita, kumi na mbili au zaidi, mgonjwa hupata nafuu ya uongo siku inayofuata, kisha ini huanza kufa siku ya pili hadi ya nne. Kuchemsha hakuziondoi sumu hizo.

Kwa hesabu hiyo, usiku ule ulielekea upande wenye nafuu. Tabibu angeweza kuwapa maji ya ORS akawaruhusu asubuhi. Alikataa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. "Sado ina uyoga wa aina moja?" aliuliza. Mama akasema hapana, ulikuwa mchanganyiko. Basi, akasema tabibu, anayetapisha mapema anaweza kuwa anamficha mwenzake anayechelewa. Watoto wawili waliokwishapungukiwa maji walipelekwa hospitali ya wilaya kuwekewa dripu na kupimwa ini kwa siku kadhaa. Watu wazima walibaki zahanati.

Uamuzi wa pili: kijana wa mchuzi alirudishwa nyumbani akalete kila kilichobaki, kilichopikwa na kibichi, hata maganda ya kwenye ndoo ya taka. Robo ya sado iliyosalia ilikuwa kwenye beseni, haijaoshwa. Hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu uyoga uliokatwakatwa na kupikwa kwa karanga hauna la kumweleza mtu aliye na macho tu.

Uamuzi wa tatu: mtendaji wa kijiji alipigiwa simu awatafute walionunua kwa muuzaji yule yule. Baadhi walikuwa hawajapika. Familia moja ilikuwa imekula na haikuumwa chochote. Wengi wangetumia habari hiyo kusema uyoga haukuwa na makosa. Sisi ilitupa wazo jingine, kwamba sumu haikuenea sawa katika sado zote.

Kwenye beseni

Nilifika na taa ya kichwani, nikamwaga beseni kwenye gunia safi. Kwa mtazamo wa haraka zote zilikuwa kofia kubwa zenye weupe weupe. Tulipozigeuza moja moja, zikajitenga mafungu matatu.

Fungu la kwanza: kofia ya kijivu-kahawia, ngumu kidogo mkononi, na katikati yake ncha iliyochongoka kama ya kutobolea. Matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, yalikuwa meupe yanayoelekea waridi.

Fungu la pili: kofia laini ya manjano hafifu iliyokolea katikati, ukingo wake una michirizi mifupi. Mashina yamekatwa. Katika fungu hili alipatikana mmoja mchanga ambaye hajafunguka, yai kabisa, bado amevaa kifuko chake cheupe kinene.

Fungu la tatu: kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia yanayobanduka, na pete nene kwenye shina ambayo ukiisukuma kwa kidole inapanda na kushuka. Wachanga walikuwa na matamvua meupe. Mmoja tu, mkubwa kuliko wote, matamvua yake yalikuwa yamechafuka rangi ambayo kwa taa sikuweza kuapa ni kijivu au ni kijani. Nyama yake nilipoikata ilianza polepole kugeuka wekundu wa kahawia.

Picha za simu hazikusaidia kitu. Mama alikuwa nazo mbili, zote zimepigwa kutoka juu, kofia zimejaa sado. Kwa juu, mafungu haya ni ndugu.

Tukapiga chapa za spora, yaani alama ya vumbi la uzazi linalodondoka kutoka kwenye matamvua. Tuliomba kioo cha fremu ya picha iliyokuwa ukutani, tukakata kofia moja ya kila fungu sawasawa na shina, tukazilaza matamvua chini, tukafunika kila moja kwa bakuli ili upepo usiingie. Kioo kina faida kuliko karatasi: spora nyeupe hazionekani kwenye karatasi nyeupe, lakini kioo unakiinua, unakiweka juu ya daftari, kisha juu ya suruali nyeusi, na rangi inajitokeza yenyewe.

Asubuhi fungu la kwanza lilikuwa limeacha waridi. La pili nyeupe. La tatu kijani kilichofifia, hakina ubishi.

Kwa uyoga mkubwa wa magamba, wenye pete inayosogea na matamvua yasiyoshikana na shina, chapa ya kijani humpeleka mtu moja kwa moja kwenye Chlorophyllum molybdites. Anajulikana sehemu nyingi zenye joto duniani, na kazi yake ni hiyo hiyo kila mahali: matapishi na kuharisha ndani ya saa chache. Ni nadra kuua, ila mtoto aliyepungukiwa maji yuko hatarini, na kumpika hakutoi hakikisho.

Waridi, pamoja na ile ncha ya katikati, vilielekeza kwenye Termitomyces. Nyeupe ilibaki Amanita, na hapo nikasimama. Michirizi ya ukingoni na kifuko kinene vinafanana na Amanita loosii, anayeliwa sana katika miombo na ambaye kwa miaka mingi aliandikwa Amanita zambiana. Ndugu zake wauaji kwa kawaida hawana michirizi hiyo. Lakini nilikuwa na kofia chache zisizo na miguu na yai moja, na yai halimtambulishi mtu hata likipasuliwa. Nikamwandikia tabibu: fungu la tatu ndilo linaloeleza matapishi, fungu la pili lisichukuliwe kuwa salama mpaka vipimo vya ini vya watoto vitoke.

Kurudi porini

Kufikia hapo kijijini kulikuwa na maneno. Wapo waliotaka muuzaji aitiwe mgambo. Tulimwomba mtendaji asifanye hivyo. Muuzaji akiletwa kwa mgambo angetuonyesha pori jingine, na wanunuzi wa kesho wangebaki palepale. Nikaenda mwenyewe nyumbani kwake, nikaanzia kwa mama mkwe wake, bibi anayejulikana kijiji kizima kwa uyoga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya ule uyoga." Hakuuliza. "Niletee nione."

Nilimpa kofia moja ya fungu la tatu. Aliigeuza, akaitazama chini kwa sekunde moja, akairudisha. "Huu ni wa zizini. Hatuchumi." Kisha akamwita mkwewe, yule muuzaji, kwa sauti ambayo sikupenda kuwa mkwe.

Tulitoka watatu. Mkwe alitupitisha njia ile ile aliyopita siku ya tukio, na hilo ndilo lililofungua kisa.

Kituo cha kwanza kilikuwa chini ya mitundu, ardhi imefunikwa majani makavu. Hapo tulikuta Amanita za manjano, na hatua chache mbele Cantharellus zimetawanyika. Bibi hakukata hata mmoja. Aliingiza vidole chini na kuinua na kifuko chake.

Kituo cha pili, miguuni pa kichuguu. Kofia za kijivu zimesimama kwa kundi. Tulichimba kwa jembe la mkono kando ya shina moja. Shina halikuishia ardhini. Liliendelea kushuka, likawa jembamba, gumu, lenye ngozi nyeusi, likapinda kufuata ufa wa udongo. Tulichimba mpaka kiwiko kikazama, na mwisho wake tukakuta chumba cha mchwa chenye sifongo la kahawia na vitone vyeupe, mchwa wakitawanyika kwa hasira. Huyo ni Termitomyces, hana pacha: hakuna uyoga mwingine mkubwa hapa wenye mzizi wa namna hiyo unaoishia mezani kwa mchwa.

Kituo cha tatu hakikuwa pori. Ni ukingo wake, mahame ya zizi la wafugaji waliohama, samadi imezeeka na nyasi fupi zimeota juu yake. Uyoga mweupe wa magamba ulisimama kwa upinde, nusu duara, mzuri wa kutamanisha. Niliuvuta mmoja. Ulitoka wote kwa mkono mmoja, mguu umevimba kidogo, hauna mzizi, hauna kifuko.

Kutoka kichuguu hadi zizi ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja.

Mkwe alieleza bila kuzunguka. Ameolewa kutoka mkoa mwingine. Kwao uyoga mkubwa mweupe wa nyasini unachumwa na kuliwa tangu utoto wake. Siku ile sado yake ya pili ilikuwa haijajaa, mvua imeanza kudondoka, akapita zizini akajazia. Kwa kawaida bibi huchambua kila kitu kwenye ungo kabla hakijaenda barabarani. Siku ile bibi alikuwa msibani.

Matokeo

Watu wazima waliruhusiwa siku iliyofuata. Watoto walikaa hospitali siku tatu. Vipimo vya ini vilikuwa vya kawaida kila mara, na hapo ndipo tulipoacha kuihofia Amanita ya sado ile. Hatukuiandikia jina la pili, la spishi.

Wauzaji wa kituo kile walikubaliana mambo mawili: uyoga wa aina moja kwa sado moja, na mashina yaachwe na miguu yake. La kwanza limeshika. La pili lilidumu wiki chache. Wanunuzi walilalamika wanauziwa udongo, na visu vikarudi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni swali la saa. Halihitaji darubini wala mtaalamu, na liliulizwa kabla ya jibu la jina kupatikana. Ila swali hilo lingeweza kupotosha kama tabibu asingelifuatisha na la pili, la mchanganyiko. Nimesikia watu wa afya wakisema "ameanza mapema, basi si mbaya". Kwa sahani ya uyoga mmoja, sawa. Kwa sado ya kununua, hapana.

Chapa ya spora ilitoa jibu, lakini tusiitukuze kupita kiasi. Inachukua usiku mzima, na ilitenganisha mafungu matatu kwa sababu kulikuwa na kofia mbichi zilizokomaa. Chapa nyeupe peke yake haimwokoi mtu: Amanita anayeliwa na Amanita anayeua wote huacha nyeupe.

Makosa ya kisa hiki yanaonekana kama ya mkwe, na ndivyo kijiji kilivyotaka kuyasoma. Mimi naona elimu yake haikuwa mbovu. Ilikuwa ya mahali pengine. Alijua umbo, na umbo alilisafirisha kutoka kwao bila kusafirisha zizi, nyasi na udongo vilivyokuwa chini yake. Bibi hana elimu ya umbo kuliko yeye. Ana elimu ya njia: mtundu, kichuguu, zizi, na kipi kinatoka wapi. Ndiyo maana alitambua kwa sekunde moja kitu kilichonichukua usiku.

Kisu cha muuzaji ndicho kilichofuta njia hiyo. Mguu wa uyoga ndio unaobeba ushahidi wa makazi yake: mzizi mrefu unasema mchwa, kifuko kinasema Amanita, mguu mtupu uliovimba ukiwa na samadi unasema zizi. Vyote vitatu viliachwa porini kwa ajili ya usafi, na mnunuzi akalipa zaidi kwa usafi huo. Nilipojaribu kumweleza mama aliyeugua, alisema jambo la haki: nani atanunua mboga yenye mavi ya ng'ombe? Jibu tulilolipata baadaye ni kuacha mguu mmoja mmoja juu ya sado kama sampuli. Linasaidia kidogo tu, kwa sababu sampuli ni ile muuzaji aliyopenda kuiweka juu.

Kuhusu wadudu: konokono na funza hula uyoga unaoua binadamu bila shida yoyote. Kuhusu kitunguu kubadilika rangi sufuriani, au kijiko cha fedha, hakuna kinachopima sumu. Imani hizi zina madhara kuliko kutojua, kwa sababu asiyejua huuliza.

Kasoro nyingine ni kwamba uchambuzi wote ulitegemea mtu mmoja. Msiba ukaondoa bibi, ukaondoa na uchambuzi. Sasa mkwe anachambua pamoja naye kwenye ungo ule ule, na mjukuu wa darasa la sita anakaa pembeni.

Lililobaki bila ufumbuzi ni uyoga mkavu. Nyumbani kwa muuzaji kulikuwa na nusu gunia la vipande vilivyokaushwa wiki ile ile, vyembamba, vya kahawia, vyote sawa. Havina ncha, pete wala michirizi, na kofia iliyokauka haiachi chapa kwenye kioo. Ungehitaji darubini na mtu wa kukaa nayo. Bibi aliingiza mkono, akanusa, akasema hawezi. Walimwaga gunia lote shimoni nyuma ya choo, hasara ya karibu ada ya muhula, na tangu hapo wanakausha uyoga wa kichuguu peke yake, mzima mzima, ukiwa na kipande cha mzizi wake.